Mkunga Aliyebaki Nje

Mpaka leo watu wa kijiji chetu wananiuliza mimi, utadhani ndimi niliyeshika jembe: kwa nini yule mama aliyewapokea watoto wetu karibu wote tulimzika nje ya ua wa kanisa, kule kwenye magugu wanakozikwa vichanga ambao hawakuwahi kubatizwa? Wapo wanaosema katekista alimkomoa. Wapo wanaosema mimi ndiye niliyekuwa na kinyongo naye. Semeni tu. Mimi nina mdomo, hilo kila mtu njia yote ya Kabungu analijua, lakini jambo hili nimelikalia miaka na limenichosha. Leo nalitoa.

Hatukumwita kwa jina. Alikuwa Mkunga, basi, inatosha. Kazaliwa wapi, baba yake nani, sikuuliza, na ningeuliza angeniambia nikapalilie mahindi yangu. Alikuwa mrefu, mkavu, kichwa kimenyolewa, na miguu mikubwa yenye nyufa ya mtu ambaye kazi yake ni kuitwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kukatakata, kimechanganyika na Kibende na Kikonongo, na akikasirika alivitoa vyote kwa pamoja, wewe ukabaki unaokota neno moja moja. Begani alining'iniza kopo la maziwa ya unga alilolitia kamba. Ndani mlikuwa na wembe, uzi, kipande cha sabuni na ugoro wake. Ukimwambia, Mkunga, hebu tenganisha ugoro na wembe, alijibu kwamba hakuna mtoto aliyewahi kulalamika.

Kukaa alikuwa hawezi. Akija kukusalimia anasimama mlangoni, anagonga mwimo kwa kisigino, anafunua chungu chako aone umepika nini, anatoka kung'oa majani uani kwako huku maongezi yanaendelea. "Mkunga, kaa basi, kigoda hicho." "Nikikaa tu, kuna mtu ataanza uchungu." Tulicheka, lakini mara mbili tatu ilitokea kweli. Alikaa, akapewa uji, na kabla hajaumaliza mume wa mtu akatokea anakimbia. Ndiyo maana hata sisi tuliacha kumkaribisha kigoda, hasa wale waliokuwa na mimba zao.

Basi katikati ya kung'oa majani hivyo ndipo alipokuwa anauliza swali lake. Anauliza tu, hata hakutazami.

"Hivi wewe unadhani yupo?"

"Yupo nani, Mkunga?"

"Huyo." Anaonyesha juu kwa kidevu, kama anayemsema jirani aliyeazima jembe na hajarudisha.

Ukimjibu yupo, anakuuliza: "Wewe ulikwenda lini ukarudi?" Ukimjibu labda hayupo, anakuuliza hivyohivyo. Palikuwa na mwalimu kijana aliyeletwa shuleni kwetu kutoka chuo, mtu wa kuchana nywele na kushika redio kwapani, akatuambia kwenye mkutano kwamba mambo ya Mungu ni ya zamani, binadamu anajiendesha mwenyewe. Wazee wakaguna. Mkunga akanyoosha mkono, tukadhani atamuunga mkono, maana tulishamzoea. "Mwalimu, wewe ulikwenda lini ukarudi?" Mwalimu akasema yeye amesoma. "Nimeuliza kwenda, sijauliza kusoma." Kijana wa watu akabaki anafuta jasho. Na mfanyabiashara mmoja Mwislamu, aliyekuwa akituletea dagaa kutoka ziwani, alimwambia kwa upole, "Mama, Mungu ndiye anayejua." Mkunga akachagua dagaa wake taratibu, akasema, "Basi na mimi anijulishe. Mbona wewe bei ya dagaa unanijulisha?"

Halafu Mkunga huyohuyo, akitaka umwamini, anaapa: "Haki ya Mungu!" Mimi nilikuwa simwachii. "Mungu gani huyo unayemwapia?" "Huyohuyo wenu. Nimemwazima."

Jumapili hakukosa kanisani, ila ndani hakuingia. Palikuwa na gogo chini ya dirisha, upande wa kivuli, waliloliacha waliopasua mbao za madawati. Pale ndipo alipopata kutulia kidogo, mguu mmoja ukitingishika. Nyimbo alizijua zote kuliko kwaya. Kwaya ikikosea, sauti yake iliingia dirishani inakokota wimbo mpaka urudi mahali pake. Katekista wetu, mtu mfupi mwenye baiskeli kubwa, mwema kweli lakini mpenda sheria, alikuwa anatoka mlangoni kila mwaka kabla ya Pasaka kumwambia, "Mama, mwaka huu uandike jina ubatizwe, uingie ndani." Na yeye: "Nangoja." "Unangoja nini?" "Wewe endelea, wimbo wa pili mmeuanza juu mno."

Msifikiri alikuwa mzaha mtupu. Kulikuwa na siku alitutisha. Binti mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwangu alifariki akijifungua. Damu ilikataa kusimama. Msibani watu wakasema lile tunalosema siku zote, kazi ya Mungu haina makosa. Kila anayeingia anasema, kazi ya Mungu haina makosa. Mkunga alikuwa anazungukazunguka nyuma ya nyumba, hakuweza kukaa na wanawake wenzake mkekani. Mara akaja mbele, akasimama katikati ya watu.

"Yangu inayo," akasema. "Kazi yangu inayo makosa. Nilichelewa kusema apelekwe hospitali ya Mpanda. Nilidhani nitaiweza ile damu. Kosa langu hilo, nalisema mbele ya mama yake. Sasa na huyo wenu naye aje aseme la kwake."

Loo! Watu walitaka kumtoa. Katekista akapandisha wimbo kwa haraka ili kufunika. Lakini mimi nilimwona mama wa marehemu. Siku nzima alikuwa kama mti, na aliposikia maneno yale ndipo alipoweza kulia. Baadaye alikuwa anampelekea Mkunga karanga, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini.

Kuhusu wenye uhakika, alikuwa na maneno yake mengine. Lori lilipokuja kutuhamishia kijiji cha ujamaa, wazee walilalamika kwamba serikali haituoni. Yeye akasema, "Serikali ipo, hilo sibishani. Nimeiona, imekuja na lori. Wenu amekuja na nini?" Na baadaye wakimbizi kutoka Burundi walipozidi kuletwa kule Katumba, alikwenda kwa miguu na kopo lake begani, hakuna aliyemtuma. Alirudi baada ya siku kadhaa hataki kuongea. Alikuwa amempokea mtoto wa mwanamke aliyepoteza mume, wazazi na watoto wawili njiani, na mwanamke yule akampa mtoto jina la kwao ambalo maana yake ni kwamba Mungu anaona. Mkunga alishindwa kabisa kulimeza hilo. Alikuja kwangu, akasimama mlangoni, akaondoka. Akarudi tena. "Ameona nini?" ananiuliza mimi. "Niambie, Mama Petro, yule mama amemwona wapi, mpaka amsifu hivyo? Au anajua kitu ambacho mimi sikijui?" Akakaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa, na siku hiyo hakuna aliyeanza uchungu.

Mmesikia alivyoniita. Mama Petro. Wengine wote wananiita Mama Anna, kwa binti yangu anayeishi. Mama Petro aliniita yeye peke yake mpaka kufa kwake, na hapo ndipo penye habari yangu.

Kabla yake niseme kwanza kuhusu somo la katekista. Misheni ilikuwa mbali na padre alikuja mara chache, na vichanga walikuwa wanakufa. Kwa hiyo katekista alitukusanya wanawake wote, na Mkunga akiwemo, ili atufundishe kumbatiza mtoto aliye hatarini. Akatukaririsha yale maneno mpaka tukayaweza. Halafu akainua kikombe.

"Na maji! Si uji, si togwa, si chai, si pombe, si mate. Maji. Bila maji hakuna ubatizo."

Tulicheka sana. "Katekista, nani atambatiza mtoto kwa pombe?" "Nyie Wakonongo na asali yenu, nawajua!" Mkunga alicheka kutuzidi sote.

Lakini alikuwa na maswali. Akauliza kama mtu asiyebatizwa anaweza kumbatiza mwenzake. Katekista akasema anaweza, ikiwa hakuna mwingine. Akauliza, na mtoto akifa kabla ya maji kupatikana, anakwenda wapi? Katekista akajibu kama alivyofundishwa, hakuwa na ubaya: mtoto huyo hateswi, lakini hamwoni Mungu, anabaki nje.

"Nje, nani anakaa nao?" Mkunga akauliza.

"Nao nani?"

"Hao watoto. Hawawezi hata kukaa wenyewe. Nani anawashika?"

Katekista akafikiri, akasema, "Hakuna. Hatukufundishwa hilo." Mkunga akainuka akatoka. Tulimwona anazunguka kanisa, mara moja, mara ya pili, na somo likaisha hajarudi. Tangu siku hiyo alikuwa anabatiza vichanga wote waliokuwa wanaponyoka mikononi mwake. Hakuwa na muda wa kuchagua majina. Wa kiume wote ni Petro, wa kike wote ni Maria.

Sasa wangu. Ulikuwa mwaka ule tuliohamia. Tulitolewa mashambani tukapangwa mistari, nyumba baada ya nyumba, na kisima kilikuwa bado ahadi. Maji yalikuwa mtoni. Unaondoka na debe asubuhi, unarudi jua limeshakuwa kali. Mume wangu alikuwa mtu wa mizinga, asali ilikuwepo ndani hata siku ambazo maji hayakuwepo. Uchungu ulinishika miezi yangu haijatimia, tena ilikuwa mimba ya kwanza. Mume wangu akamwita Mkunga, kisha akanyakua debe akakimbilia mtoni.

Mtoto akatoka, wa kiume, mdogo, hata kulia kwake kulikuwa kwa kuhesabiwa. Mkunga akageuka naye mlangoni kwenye mwanga, akanipa mgongo. Koo lilikuwa limenikauka. Nikaomba maji.

"Subiri, yanakuja."

Nikaomba tena.

"Nimesema subiri, mama!"

Nikamsikia anazunguka humo ndani, anagusa vyombo. Akanong'ona. Halafu akageuka, akaniwekea mtoto kifuani. "Nimeshambatiza. Anaitwa Petro." Nikamnusa kichwani, alikuwa ananukia utamu wenye uchachu kidogo. Nikadhani ndivyo watoto wanavyonukia, sikuwa na mwingine wa kumlinganisha naye. Mume wangu aliporudi na debe kichwani, Petro alikuwa ameshaondoka.

Alizikwa ndani ya ua wa kanisa kwa sababu alikuwa mbatizwa. Mume wangu alimchongea msalaba mdogo wa mninga. Waliochimba kaburi wakanywa wanzuki, ile pombe yetu ya asali, iliyokuwa imeandaliwa kwa waliokuja kutuezekea nyumba. "Mungu si Athumani, tutapata mwingine," mume wangu aliniambia, na kweli tukampata Anna. Watu wakasema nimemshukuru Mungu, nimenenepa. Mimi moyoni nilikuwa na mdudu anatafuna.

Mdudu mwenyewe ni huyu. Kama maji yalikuwepo, mbona mimi nilinyimwa? Na kama hayakuwepo, Petro alibatizwa kwa kitu gani?

Nilikuwa naamka na swali hilo, natwanga nalo, napalilia nalo. Nikajaribu kulikimbia kwa kulishika lingine: labda ubatizo wa mtu asiyejua kama Mungu yupo si kitu. Siku padre alipokuja na pikipiki yake, nikamngoja nje baada ya misa, Anna mgongoni, nikamuuliza. Akasema hata mpagani anaweza kubatiza kwenye hatari, mradi atake kufanya lile ambalo Kanisa linataka.

"Na kama hana hakika kwamba Mungu yupo?"

Padre akacheka. "Mungu ana hakika kwamba yeye yupo, mama. Usihangaike. Mradi maji na maneno."

Maji! Nilirudi nyumbani nimebeba mzigo mkubwa kuliko niliokwenda nao.

Mtasema, si ungemuuliza mwenyewe? Nyie hamjui. Mara ngapi nilifunga kanga nikaenda kwake nimeazimia, na nikifika naomba ugoro wa mama mkwe. Nikiuliza na akasema hapakuwa na maji, basi mwanangu yuko nje milele na milele, na mimi nikifa nikaingia ndani hatutaonana. Na kama Mungu hayupo kabisa, hilo nalo nililiwaza, nikaona ni baya zaidi: hakuna ndani wala nje, kuna shimo na msalaba wa mninga. Nilikuwa namchukia Mkunga wakati mwingine, nawaambia ukweli. Yeye ndiye aliyenifundisha kuuliza, kabla yake nilikuwa nasali na kulala.

Naye alikuwa ananitazama. Akinikuta kanisani namwashia Petro mshumaa, alikuwa anaondoka dirishani mpaka nimalize. Na lile jina, Mama Petro, hakuliacha hata mbele ya watu waliomkonyeza aliache.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea mwisho alipougua. Kifua kilimbana, miguu ikavimba, na mwanamke ambaye hakuwahi kukaa akalala. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa, ukitoka mlango wa nyuma unaingia msitu wa miombo. Tulimuuguza kwa zamu. Siku yangu nilimkuta katekista yupo, ameegesha baiskeli, uso umemshuka. Alikuwa anampenda yule mama, sikuwa najua. Alisema anakwenda Mpanda kumleta padre. Akaniwekea kikombe cha bati cha maji juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Ukiona anabadilika, usinisubiri. Mmwagie, useme maneno. Unayajua. Usimwache aende hivi, Mama Anna, nakuomba."

Akapanda baiskeli. Tukabaki wawili, jua linaingia mlangoni.

"Shikamoo, Mkunga."

"Marahaba, Mama Petro. Kikombe hicho cha nini?"

Nikakifunika kwa kiganja. Akacheka mpaka akakohoa. "Mjanja huyo. Amekuachia wewe. Sasa sikiliza: ukinimwagia wakati siwezi tena kusema, nitakusumbua. Haki ya Mungu nitakusumbua."

"Mungu gani?" Ilinitoka tu, kwa mazoea.

"Huyohuyo wenu. Bado sijamrudisha."

Nikaona kwamba nisipouliza leo nitauliza kaburi. Nikakaa karibu naye.

"Mkunga. Siku ile ya Petro. Maji uliyatoa wapi?"

Hakushtuka. Alinitazama kama mtu aliyemngoja mwenzake barabarani na sasa amefika.

"Hapakuwa na maji."

"Najua. Nilikuomba ukaninyima. Yangekuwepo usingeninyima."

"Yangekuwepo ningekunywesha wewe kwanza," akasema. "Nilitafuta kila chombo. Nilikuta kibuyu cha mumeo. Wanzuki, imelala siku moja tu, bado tamu. Nikachota kwa kiganja, nikammwagia, maneno nikayasema yote, hata moja sikuruka."

"Wanzuki!" Nilisimama. "Wanzuki, Mkunga? Katekista si alisema? Si alisema mbele yetu sote, si pombe?"

"Nilimsikia."

"Basi mwanangu yuko nje!" Nilipiga kelele, mbele ya mgonjwa, sikujali. "Miaka yote hii nawasha mishumaa, nimemzika ndani ya ua, kumbe mwenyewe yuko nje!"

Aliniacha nikalia. Nilipopunguza, ndipo alipozungumza, kidogokidogo, akivuta pumzi kila baada ya maneno mawili matatu.

"Kama huyo wenu yupo, na kama katekista anasema kweli, ndiyo, yuko nje. Si yeye tu. Siku nyingi sikuwa na maji, siku nyingine nilichelewa, wengine walitoka wameshakwenda. Mama zao wote niliwaambia nimembatiza. Ninao wengi huko. Nilimuuliza katekista nani anakaa nao. Ulisikia alivyonijibu."

"Hakuna."

"Basi, hilo ndilo nililoshindwa. Mkiniweka mimi ndani, hao nani atawapokea? Huku niliwapokea mimi. Na huko nitawapokea mimi. Ndiyo maana sikutaka maji yenu."

Hilo sikuwahi kulifikiria. Miaka yote pale kwenye gogo, tulidhani ni kiburi.

"Na kama hayupo?" nikamuuliza. "Kama hakuna ndani wala nje?"

"Kama hayupo, sijapoteza kitu. Nyimbo nilizisikia dirishani."

"Wewe ulikwenda lini ukarudi?"

Hilo lilimfurahisha, nililiona machoni. "Sijaenda. Nabahatisha. Nimebahatisha upande wa watoto."

Akafumba macho. Mara pumzi ikabadilika, ikawa inakwenda inakaa, inakwenda inakaa. Nikakinyakua kikombe. Nawaambia kweli, nilikinyakua nimwagie. Nilikuwa nampenda. Sikutaka mtu aliyenishika siku mbaya kuliko zote za maisha yangu afungiwe mlango milele kwa sababu yangu na akina mama wenzangu. Maneno yalishafika kwenye ulimi. Na papo hapo nikataka, kwa nguvu ileile, aende kwa mwanangu. Nani mwingine angekwenda? Watakatifu wote wako ndani. Nilisimama na kikombe juu ya paji la uso wake, maji yanacheza, na sikuwa najua kama yupo anayetutazama tunavyohangaika, mimi na huyu mama, au tuko wenyewe na miombo.

Akafumbua macho. Akaona kikombe. Alinisubiri.

"Mkunga," nikasema, "wa kiume wote uliwaita Petro. Huko watakuwepo akina Petro wengi. Wangu utamjuaje?"

"Wako ndiye aliyejilamba."

"Nini?"

"Ile wanzuki ilimshuka mpaka mdomoni. Akatoa ulimi, akajilamba." Akanionyesha kwa ulimi wake mkavu, polepole, upande mmoja na upande wa pili. "Hakuna mwingine aliyefanya hivyo. Akataka tena."

"Ukampa?"

"Nikampa tena." Akavuta pumzi. "Sasa na mimi, Mama Petro. Nina kiu."

Nikakaa chini, nikamwinua kichwa, nikakilaza kwenye mkono wangu, nikamwekea kikombe mdomoni. Alikunywa polepole mpaka tone la mwisho.

Katekista alifika na padre jua linapinda. Mkunga alikuwa ameshatulia. Kikombe kilikuwa kitupu mikononi mwangu, na katekista alianza kumshukuru Mungu, mpaka alipoinama akamgusa paji la uso kwa kidole. Lilikuwa kavu. Akaniangalia.

"Alikuwa na kiu," nikamwambia.